Ushuhuda wa Wifi

Wifi yangu ni fundi cherehani, na mdomo wake hauna breki. Mteja akija kupunguza sketi, huondoka na sketi, zaburi moja na mwaliko wa kanisani. Lakini ya mteja hayatoki pale kwenye cherehani, hata umtekenye.

Siku moja nilimpelekea gauni langu la kwaya anipanulie. Akanizungushia tepu kiunoni, akasoma, akasoma tena. Miaka yote tunaomba mtoto! Pini alizobana kwa meno zikamwagika sakafuni.

"Wifi!"

"Nyamaza! Kaka yako anajua. Mama bado."

Akajiziba mdomo kwa mikono miwili, mabega yakaendelea kucheka.

Jumapili mchungaji akauliza nani ana ushuhuda. Wifi akaruka kama kakalia kaa la moto.

"Mungu ametenda!"

"Ametenda nini, dada?"

"Si yangu kusema!"

Akaanza kucheza katikati ya viti mpaka kilemba kikadondoka. Jumapili iliyofuata, vilevile. Ya tatu, kanisa zima likacheza naye bila kujua linashangilia nini, mama mkwe akiongoza vigelegele.

Uvumilivu ukanishinda. Nikasimama, nikashika tumbo. "Mchungaji, ushuhuda huo ni wangu."

Mama mkwe alipomaliza kulia kwa furaha, akamgeukia binti yake. "Kumbe ulijua, ukakaa kimya?"

"Kimya?" wifi akahamaki. "Mama, mbona nimecheza mpaka soli zimebanduka!"