Sala Alizozirudia Faida

Moshi wa makumbi ya nazi una harufu yake, nzito na yenye utamu wa mbali, na ukishaganda kwenye nguo hautoki hata ukizianika siku mbili. Ndiyo harufu ya jiko la uani katika nyumba ya babu yangu, Bagamoyo, miaka michache baada ya Uhuru, nami nikiwa na umri wa miaka kumi. Kwa mbele nyumba ile ilikuwa na mlango wa nakshi ambao wageni walisimama kuutazama, na ukumbi wenye mikeka na mito, unaofukizwa udi kila Ijumaa. Kwa nyuma kulikuwa na ua wenye sakafu ya chokaa iliyopasuka, kisima cha maji ya chumvichumvi, mkomamanga mmoja usiozaa, na chumba kidogo kilichoegemea ukuta wa jiko. Wazee wetu husema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mimi nilizaliwa humo ndani, na hata hivyo ilinichukua miaka kumi kuingia.

Aliyeishi katika chumba kile aliitwa Faida. Hakuitwa Bi. Faida wala Mama Faida. Faida tu, hata na sisi watoto. Alikuwa mzee kuliko watu wote wa nyumba, mwembamba, mgongo umeanza kupinda, vidole vimekakamaa kwa kukuna nazi na kukoroga sufuria. Kila asubuhi Babu Salim alipopita uani, Faida aliinuka kwenye kigoda, akayasukuma magoti kwa viganja vyake, akasema, "Shikamoo, bwana." Babu akajibu, "Marahaba, Faida," akapita. Babu alikuwa na miaka sitini hivi, na Faida alikaribia themanini. Mji mzima mdogo ndiye aliyemwamkia mkubwa, isipokuwa uani kwetu. Sikuona ajabu. Mtoto haoni ajabu katika jambo alilozaliwa akalikuta.

Kipupwe cha mwaka ule mama yangu alikwenda Pangani kumuuguza mama yake. Baba alifanya kazi Dar es Salaam, hivyo nikaachwa mikononi mwa Faida. Nililala katika chumba chake, kwenye kitanda cha kamba. Yeye akatandika mkeka chini, na nilipomwambia tulale pamoja alicheka kana kwamba nimemwambia tukakae mbinguni. Aliniita "mwana", kama watumishi wa zamani walivyowaita mabinti wa mabwana zao. "Mwana, njoo ule. Mwana, usikae penye upepo." Siku moja akichambua mchele aliniambia kwamba aliletwa pwani akiwa mdogo, meno ya mbele yameng'oka na mengine hayajaota. Alitoka bara, karibu na ziwa. Ziwa lipi, hakujua. Jina alilopewa na mama yake alilisahau njiani. Hili la Faida alipewa na Bwana Mkubwa, yaani baba yake Babu Salim, aliyekufa kabla ya vita vya Mjerumani. Alisimulia hayo kama mtu anayesimulia mvua ya juzi, huku akipeperusha makapi.

Jambo moja tu kwake lilinishangaza. Faida hakukosa sala hata moja, lakini alisali kichwa wazi. Alijifunga kanga moja kwapani, akasimama kwenye mkeka wake na zile mvi zake fupi, mabega nje, mbele ya Mungu. Nilidhani ni uzee. Nilidhani mtu akizeeka sana sheria humwachia.

Alasiri, baada ya shule, sisi wasichana tulikwenda kusoma kwa Bi. Rukia, mjane aliyefundisha ukumbini kwake nyuma ya soko. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na fimbo ndefu, na fimbo ile aliitumia zaidi kufukuzia kuku. Tulikuwa tukihifadhi kitabu kidogo cha fiqhi, sheria za ibada, mstari kwa mstari, na juma lile tulifika kwenye mlango wa kujisitiri katika sala. Mwanamke muungwana, akatueleza, hufunika mwili wote isipokuwa uso na vitanga vya mikono. Na mjakazi, yeye inamtosha kama mwanamume, baina ya kitovu na magoti.

"Mjakazi ndiye nani, mwalimu?" mwenzangu mmoja akauliza.

"Mwanamke aliyemilikiwa na mtu. Siku hizi hakuna. Someni."

Nikanyoosha mkono. "Basi mbona Faida wa kwetu anasali kichwa wazi?"

Bi. Rukia alikifunga kitabu, kidole chake kikabaki katikati ya kurasa. Akaniuliza tangu lini. Nikasema tangu nimjue. Akatuambia twende nyumbani, na jua lilikuwa bado juu.

Siku ya pili alikuja kwetu baada ya sala ya alasiri, amejifunga buibui lake la safari. Mimi ndiye niliyepeleka kahawa ukumbini, na kwa kuwa hakuna aliyenifukuza, nilibaki nimesimama na buli mkononi.

"Bwana Salim," alisema, "nimekuja kwa habari ya mama yako."

Babu akatabasamu kwa heshima. "Mama yangu amekwisha tangulia mbele ya haki, Bi. Rukia. Unajua."

"Aliyekulea ametangulia, Mungu amrehemu. Nazungumza habari ya aliyekuzaa. Yuko uani anakuna nazi."

Mkono wa Babu uliokuwa ukielekea kikombe ulisimama. Kwa umri wangu ule sikuelewa mara moja. Nilimtazama Babu, nikatazama mlango wa uani, nikamtazama Babu tena. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata za mji ule zilikuwa nyingi. Nilikuja kufahamu baadaye kwamba kila mtu mzima alijua Faida alikuwa suria wa Bwana Mkubwa, na kwamba alipomzaa Babu, mke wa ndoa, ambaye hakujaliwa mtoto, alimchukua mchanga akamlea mbele ya nyumba, na Faida akarudi jikoni.

"Hayo ni mambo ya wazee wetu," Babu akasema kwa sauti ya chini. "Tuyaache walikoyaacha."

"Wewe umesoma kuliko mimi. Suria akimzalia bwana wake hauzwi tena wala hatolewi. Mtoto ni huru, anarithi sawa na ndugu zake, na wewe umerithi. Na siku bwana anapokufa, yule mama ni huru, hata kama hakuna hati, hata kama hakuna aliyetamka. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Alikuwa huru kabla baba yako hajaoshwa. Nani alimwambia?"

"Kila mtu alijua. Halafu Mwingereza naye akaja akaufuta utumwa. Nani asiyejua?"

"Yeye alijua?"

 Babu alikunywa kahawa ile ikiwa ya moto, nikaona macho yake yakilengalenga. Mpaka leo sijui kama ni kahawa.

Bi. Rukia aliondoka ukumbini bila kuaga, akapitiliza uani, akaketi kwenye ukingo wa kisima. Nilimfuata. Akamweleza Faida yote, polepole, kama alivyotufundisha sisi. Faida alisikiliza huku amekalia mbuzi ya nazi. Nilidhani atalia, au atafurahi, au atakasirika na kuvunja kitu. Aliuliza jambo moja tu.

"Na sala zangu?"

Bi. Rukia alifumba macho kidogo. Nadhani alilitarajia swali hilo na alikuwa ameliogopa tangu jana. "Wanazuoni wamehitilafiana," akasema. "Wako wanaosema aliyesali kichwa wazi naye hakujua kuwa yu huru, sala zake ni sahihi. Wako wanaosema azirudie. Lakini wewe ni mzee, magoti yako mabovu. Mungu hamtwiki mja asichokiweza. Shika ile kauli nyepesi, na kuanzia leo ujifunike tu, basi."

"Tangu Bwana Mkubwa alipokufa," Faida akasema, akitazama nazi iliyokunwa kwenye bakuli. "Salim alikuwa bado hajaingia chuoni." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilitaja jina la Babu bila bwana mbele yake. "Mtumwa hadaiwi sala hizo, Bi. Rukia. Anayedaiwa ni muungwana. Wacha nidaiwe."

Kesho yake Bi. Rukia alileta shela jeupe la kusalia. Faida alilikunja na kulikunjua mara nyingi, hajui lianzie wapi, nami ndiye niliyemfunga, kama mama yangu alivyonifunga mimi. Uso wake ndani ya kitambaa kile ulikuwa mdogo, mgeni kabisa. Akasimama akasali adhuhuri. Alipotoa salamu hakuinuka kwenda jikoni. Alisimama tena, akasali adhuhuri nyingine, ya siku fulani ya zamani, Bwana Mkubwa amekufa jana yake.

Hivyo ndivyo kipupwe kile kilivyopita. Kila sala ya siku aliifuatisha na za miaka ile, mbili, tatu, kadiri magoti yalivyokubali. Yalipokataa alisali ameketi, na nilimshika kwapa kumwinua, nikisikia mifupa yake ikilia. Wali ulichelewa, mara nyingine ukaungua. Bibi Zena, mke wa Babu, alinung'unika kwanza kwa watu, kisha kwangu. "Aliyelala usimwamshe," aliniambia siku moja mchana, "ukimwamsha utalala wewe. Bibi wa watu alikuwa ametulia. Tazama sasa ulivyomfanya." Nililia jikoni. Nilimwambia Faida aache, nikamwambia ni mimi niliyesema maneno kwa mwalimu, na kwamba ningejua nisingesema. Alinifuta machozi kwa ncha ya kanga inayonuka moshi. "Nimechoka, mwana," akasema. "Kuchoka nilichoka tangu zamani. Hizi angalau ni zangu."

Ijumaa moja, watu wametoka msikitini, nilimwona Babu akija uani na kanzu yake nyeupe. Faida alikuwa kwenye mkeka, ameipa mgongo nyumba, yumo katika sala. Babu alisimama nyuma yake kitambo. Kisha akasema, kwa sauti ambayo mimi niliyekuwa nyuma ya kisima niliisikia kwa shida, "Shikamoo." Aliye ndani ya sala hajibu. Babu alilijua hilo kuliko mimi. Hakungoja atoe salamu. Aligeuka akarudi ukumbini, na viatu vyake vikaacha vumbi kwenye sakafu niliyokuwa nimeifagia.

Faida alipomaliza nilimkimbilia. "Babu amekuamkia! Amekwambia shikamoo!"

Alichukua muda kukunja mkeka. "Umesikia vibaya, mwana," akasema. Asubuhi iliyofuata aliinuka kwenye kigoda kama kawaida, akasema, "Shikamoo, bwana," na Babu akajibu, "Marahaba," bila kulitaja jina. Zaidi ya hapo, kati ya watu hao wawili, sikuona kitu.

Faida alikufa kabla ya mvua za vuli, alasiri, ameegemea ukuta na shela kichwani. Sala za mwaka wa ngapi alikuwa amefikia, hakuna ajuaye. Babu aliwaambia watu azikwe katika makaburi ya ukoo, na waliotaka kuuliza walinyamaza. Yeye ndiye aliyemsalia, kwa kuwa mwana ana haki zaidi. Wanawake hatukwenda makaburini, lakini baba yangu alinisimulia. Wakati wa kusoma talkini, maneno anayokumbushwa maiti kaburini, msomaji aliinama akauliza jina la mama wa marehemu, apate kumwita kwalo. Watu wakamtazama Babu. Babu akasema hajui. Basi msomaji akamwita Faida binti Hawa, kama wanavyoitwa wote ambao mama zao hawajulikani.

Leo nina umri kumpita Babu wa siku zile. Nimesikia mengi juu ya jambo hili, redioni na siku hizi kwenye simu za wajukuu zangu. Mmoja anasema dini yetu ilihimiza kuwaacha huru watumwa, ikawapa masuria na watoto wao haki ambazo wengine hawakuwapa. Mwingine anasema hata hivyo iliruhusu mtu kummiliki mtu, na kumlaza kitandani pake bila kumuuliza. Wanapigana kwa aya na hadithi mpaka chaji inakwisha. Zamani nilikuwa nikiingilia. Sasa nasikiliza tu, maana wote wawili naona wanasema kweli. Kitabu nilichokihifadhi utotoni kilikuwa na mstari uliomvua Faida shela, na vitabu vikubwa zaidi vilikuwa na mstari uliomwacha huru. Wa kwanza aliambiwa upesi, akiwa na umri kama wangu. Wa pili ulimfikia baada ya zaidi ya miaka hamsini, na walioukalia ni watu waliosoma, waliomcha Mungu, walionilea na niliowapenda.

Nilipokuwa na nguvu nilimwendea mwanazuoni mmoja mjini nikamuuliza kama Faida alilazimika kuzirudia sala zile. Alinipa jibu refu na jema, lenye kauli mbili. Nilimshukuru nikaondoka. Sikuwa nimekwenda kutaka kauli. Nilitaka mtu aniambie kama nilifanya vema kunyoosha mkono siku ile, na hilo halimo katika vitabu.

Mwaka jana vijana wa ukoo waliamua kuandika shajara yetu, yaani mti wa ukoo, waichapishe kubwa, itundikwe kwenye arusi. Walinipigia simu kuuliza majina, nami nikawapa. Nikawaambia mama yake Babu Salim ni Faida, wasikosee, na nikawatajia na herufi zake. Kijana aliyekuwa akiandika ni mpole, msomi, ana adabu. Shajara ilipoletwa niliivalia miwani. Babu Salim yuko pale, na juu yake Bwana Mkubwa na mke wa ndoa. Nikampigia.

"Faida yuko wapi, mwanangu?"

"Nafasi haikutosha, Bibi," akasema.

Nikamwambia haidhuru, nikakata simu, nikakaa. Nilikuwa nimechoka, na adhuhuri ilikuwa imeingia.