Nyota Ikifa Huacha Nini

Mwanangu, nakumbuka jioni moja ya ukame, miaka ya themanini ikianza, nilipokuwa msichana wa sekondari Isiolo mjini. Nilikuwa likizoni nyumbani, upande wa Kulamawe. Tulikuwa tumeswali magharibi. Nyanya yetu, tuliyemwita Akko, alikuwa akifukiza kibuyu cha maziwa kwa makaa, ingawa maziwa yenyewe yalikuwa haba, huku akikitafuta Kilimia angani. Wazee wetu waliisoma mvua katika kundi lile la nyota, na baba alimngoja aseme mifugo ihamie wapi.

Mimi, kwa ujuzi wangu wa juzi, nikasema, "Akko, hizo nyota zitakufa. Mwalimu ametufundisha."

Mkono wake ukasimama. Kwetu, mwanangu, neno la kifo halitamkwi juu ya kitu kinachongojewa kilete uhai. Baba mdogo, ambaye hakuwahi kuipenda shule yangu, akapata alichokitafuta.

"Umesikia, kaka? Ng'ombe wanaanguka, na huyu anaombea nyota nazo zianguke. Shule basi. Akae achunge mbuzi."

Baba alinyamaza. Nilikijua kimya kile. Kikilala mpaka asubuhi huamka hukumu.

"Ngojeni," Akko akasema. "Wewe, keti. Nyota inakula nini hata ife?"

Nikaeleza. Nyota ni hewa nyingi mno iliyojikusanya. Uzito wake huikandamiza katikati mpaka ile hewa nyepesi, haidrojeni, iungane na kuwa hewa nzito zaidi, na katika kuungana huko hutoka joto na mwanga. Hewa hiyo nyepesi ikiisha, nyota ya kadiri, kama jua letu, huvimba, huvua maganda yake, kikabaki kiini kinachopoa polepole. Iliyo kubwa sana hujiangukia ndani, kisha hulipuka.

"Ikilipuka inaacha nini?"

"Vumbi, Akko. Humo huzaliwa nyota nyingine. Hata chuma cha kisu chako, hata kile kilicho ndani ya damu yetu, kilipikwa katika nyota zilizokufa zamani."

"Subhanallah," akasema taratibu. "Basi wewe ni mjumbe mbaya. Mwenye habari ya msiba huketi kwanza, huulizwa amani, hunywa maziwa, ndipo aseme yote: nani amekufa, nani amebaki. Wewe umetutupia maiti mlangoni ukawaficha watoto wake." Akamgeukia baba mdogo. "Nawe, asiyekufa ni Mmoja. Ulidhani ni nyota?"

"Mama, mimi ni mtu wa mbuzi. Usiniingize katika mambo ya mbinguni."

Baba akacheka kidogo, kisha akasema, "Shule ikifunguliwa atarudi. Ila arudi na adabu."

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, mwanangu. Ukijaliwa elimu, usiwarushie watu kama jiwe. Keti, salimu, sema hadi mwisho, kwani kweli iliyokatwa katikati huumiza kama uongo. Na kifo kisikutishe kupita kiasi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ogopa zaidi kuondoka bila kuacha kitu.

Mola aliyeziwasha nyota akaziwekea kikomo akupe umri wenye manufaa, na siku ukiitwa, walio nyuma yako wapate cha kuanzia. Amin.