Altari ya Mama

Wabeleji walipotuondoa kwenye mulima wetu, upande wa Ngungu, ili wamupe muzungu mumoja wa kulima pareto, walituachia siku moja tu ya kuhama. Papa alisukuma mbuzi, mama akabeba watoto. Jiwe lake kubwa la kusagia ulezi likabaki juu. Alichukua tu lile dogo la kushika mukononi. Ukikutwa tena kule, ni fimbo. Miaka minane mama alisagia kwa jirani, na jirani yule, Mungu amurehemu, alikuwa na mudomo. "Leo tena?" Hiyo njo ilikuwa salamu yake ya asubuhi.

Kisha, katika miaka ile ya hamsini, akaja profesa kutoka Ulaya, na ruhusa ya kuchimba mulima wetu kutafuta vitu vya watu wa kale. Mimi nilikuwa nimemaliza masomo kwa mapadri, kijana mukubwa asiye na kazi. Akanifanya mukalimani wake na kunipa kofia. Ah, kofia ile! Nililala nayo.

Alikuwa amefika Amerika kuona magofu ya watu wanaoitwa Wamaya. Pale fasi wengine wanaweka picha ya bibi yao, yeye aliweka picha ya nyumba ya mawe, ngazi tupu toka chini mpaka juu, na juu kule hakuna hata kitanda. "Walijenga haya yote, halafu wakapotea," alisema, macho yamelowa. "Walipotelea wapi?" Nikatikisa kichwa kwa heshima. Nilikuwa nafikiria miguu ya waliopanda.

Siku ya pili akapata shimo. Kaburi la mufalme! Yesu wangu, lilikuwa shimo la papa la kuivisha ndizi za pombe ya kasiksi. Kama kuna mutu aliwahi kulala mule, ni baba mudogo, na kesho yake aliamuka akiomba maji. Profesa alijua maneno kumi ya Kiswahili, na moja alilipenda kupita yote.

"Zamani?" akaniuliza.

"Zamani sana, Bwana." Kwetu hata mwaka jana ni zamani, kwa hiyo sikuhesabu kama uongo. Na kofia ilikuwa inanikaa vizuri.

Siku ya nne akapiga magoti mbele ya jiwe la mama. Limelika upande wa kushoto, akanionyesha. Ni altari! Hapa walichinja watu kama kule Amerika, na jiwe limeinama ili damu iteremuke. Akalifunga na blanketi, akaandika namba. Linaenda Ulaya. Nikashusha kofia machoni, maana mama yangu anatumia mukono wa kushoto.

Jioni nikamuambia. Hakupiga kelele, afadhali angepiga.

"Na wewe ulisema nini?"

"Nilisema ni la zamani."

"Kumbe njo vile mulifundishwa kule kwa mapadri," akasema, akaenda kupepeta ulezi.

Asubuhi akapanda nyuma yangu na kikapu na kamba yake ya kubebea. Hakusalimia mutu. Akafungua blanketi, akamwaga ulezi, akatoa lile jiwe dogo alilolitunza miaka minane. Likaingia mule ndani bila kucheza hata kidogo. Akapiga magoti akasaga, mukono wa kushoto, na unga ukateremuka kushoto. Profesa akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Muulize," akaniambia polepole, "watu wa hapa walipotelea wapi?"

Mama hakuacha kusaga. "Muambie hatukupotea. Tuko chini pale, fasi walituweka. Anatuona kila siku akipita na motokari yake."

Siku zote zile nilikuwa nachuja maneno. Hayo niliyasema kwa Kifaransa yote, na la kaburi nikaongeza, kwamba ni shimo la ndizi za papa. Nikaweka kofia juu ya blanketi. Haya ilinishika mpaka masikio yakawaka.

Profesa akasogea kando. Mama akafunga jiwe mugongoni, kamba kwenye kipaji cha uso. Nikanyoosha mikono kumusaidia. "Wewe beba unga," akasema.

Kesho yake jirani alisimama mulangoni kwake, mudomo tayari. Akangoja mpaka jua likapanda. Kwetu jiwe lilikuwa linalia.