Baba na Mlio wa Difu

Mtu akiniuliza baba alianza lini kutosikia, humwambia akaiulize difu ya gari lake. Watu hucheka. Mimi sicheki.

Baba alikuwa na gari la zamani, lile la kuvuta kwa magurudumu yote manne, alilokuwa akibebea karafuu na mihogo kutoka Makangale kwenda Wete. Njia ya kwetu masika ikipiga ni uji mtupu, basi kaka yangu akashauri gari liinuliwe nyuma. Fundi akaongeza springi, likapanda kweli, lakini ekseli ikabinuka, na pua ya difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma, ikatazama juu. Baba akajilaza chini akachungulia, akatoka na vumbi ndevuni.

"Hapo puani mna beringi," akaniambia. "Oili yakaa chini, na mwenzangu huyu sasa kapandishwa darini. Atakunywa mwisho, tena makombo."

Dawa yake ilikuwa kuliegesha gari mteremkoni, pua chini, ndipo aimimine oili, ili iingie nyingi kuliko tambarare na imfikie yule wa mbele. Miteremko kwetu haikosekani, alhamdulillahi. Lakini kufungua nati ya oili kila mara akague, hakutaka hata kusikia. Beringi yenye kiu hulia, alikuwa akisema, na yeye ataisikia. Hakuwa anajisifu bure. Akiwa barazani alikuwa akijua gari la nani linapita bila kuinua macho.

Mwaka jana ikaanza kulia. Mimi nafundisha skuli, na asubuhi hunipakia. Kila akikanyaga mafuta nasikia mluzi mwembamba chini yetu, akiachia unanyamaza.

"Baba, difu inalia."

"Hailii."

"Wee baba! Inalia hivi, wewe wasema hailii?"

"Gari hili nimekaa nalo hujaota meno. Hailii."

Nikamwambia basi tusimame tufungue tutazame. Akasimamisha, akaniambia niteremke niende kwa miguu. Nikateremka kweli! Na mlango nikaubamiza, maana hasira zangu nimezirithi kwake huyo huyo.

Hapo ndipo nilipoanza kumwangalia. Salamu za kwetu ni ndefu lakini zina mpango wake: hali, nyumbani, watoto, shamba. Mtu akijua zamu yake hujibu bila kusikia hata neno moja. Baba alikuwa akitazama midomo ikitulia, kisha anajibu: salama, wazima, alhamdulillahi. Nilipomuuliza jirani yetu, bibi wa nyumba ya pili, akashusha sauti. "Mwanangu, sote twajua. Nani atamwambia mzee mzima kuwa hasikii? Aibu." Ah! Nilitamani kulia na kumfokea kwa pamoja. Heshima gani ya kumwacha mtu aendeshe gari naye ni kiziwi? Na mimi niliyemwambia ndiye niliyekuwa nakwenda skuli kwa miguu.

Lakini sikuwa nikiiogopea difu. Nilimwogopea yeye, siku atakapojua. Masikio yale ndiyo yaliyokuwa kazi yake na fahari yake.

Difu ikakamata mchana kweupe karibu na msitu wa Ngezi, siku nilipokuwa nimerudi garini baada ya kupatana. Magurudumu ya nyuma yakagoma, tukaburuzika hadi ukingoni. Hatukuumia. Fundi akaja kutoka Konde, akafungua pale pale njiani. Beringi ya mbele ilikuwa imeungua hadi ikageuka bluu, kavu, haina hata tone.

"Mzee, hii imepiga kelele siku nyingi," fundi akasema, kichwa kiko chini ya gari. "Hukuisikia?"

"Alhamdulillahi," baba akajibu.

Fundi akatoka chini, akanitazama. Yarabi, moyo wangu! Nikasogea hadi sikioni kwa baba, nikalirudia swali.

Akakaa juu ya jiwe, beringi mkononi.

"Ililia?"

"Ililia, baba."

"Sana?"

"Sana."

Akaigeuzageuza beringi kiganjani. Nilidhani anafikiria gari. "Siku ile ya mama yako," akasema, "mimi nilikuwa barazani, yeye chumbani." Mama alikuwa amefariki miezi michache nyuma, na baba aliamini amekwenda usingizini. Sisi wengine tulijua. Jirani yule alikuja mbio kwa sababu alimsikia mama kutoka nyumba ya pili, akiita jina la mumewe.

"Aliniita?"

"Hakukuita, baba," nikasema, uso nikiugeuzia msituni.

Akainamisha kichwa, akanisogezea sikio. "Sema kwa nguvu, mwanangu. Sikusikia."

Ikabidi uongo ule niupigie kelele, katikati ya njia, fundi akinitazama. "Hakukuita, baba! Hakukuita!"