Mama Besi na amplifaya iliyokataa kupoa

Saa nne asubuhi, gari dogo la matangazo linaingia uani kwa Mama Besi likiwa kimya, na kwa gari la aina hiyo kimya ni ugonjwa. Lina spika mbili kubwa juu ya paa na maandishi ya rangi ubavuni. Dereva anashuka, anafungua mlango wa nyuma na kuonyesha kwa kidole chini ya kiti, ilipofichwa amplifaya, mashine ya kukuzia sauti.

"Imechemka tena, dada," anasema. "Ukiigusa utadhani ni pasi."

Mama Besi haigusi. Anavuta kigoda, anakaa, anaanza kuuliza taratibu kama muuguzi wa zamu.

"Inazima baada ya muda gani?"

"Nusu saa hivi. Jua likiwa kali, haifiki."

"Na ukiiacha ikapoa?"

"Inaamka kama vile haijafanya kitu."

Dereva ana kisa na anataka kisikike. Wiki iliyopita alitumwa kutangaza kukatika kwa maji. Alipita mtaani akisema, "Wakazi wote mnatangaziwa kwamba maji yatakatika siku ya," na hapohapo amplifaya ikazima. Watu walijaza ndoo, madumu na hata masufuria, wakasubiri. Maji hayakukatika kesho yake, wala keshokutwa. Tangu hapo mtaa ule unamwita muongo, naye anapita njia ya nyuma.

Mama Besi anacheka mpaka anafuta macho, kisha anachukua bisibisi.

Mafundi wa magari wana maneno yao ya kuanzia kazi. Fundi akishafungua tu, hutikisa kichwa, husonya na kuuliza, "Nani alikufanyia hivi?" Mteja hujiona mjinga, bei hupanda palepale, na fundi wa jana huzikwa bila kusikilizwa. Mama Besi hana tabia hiyo. "Mimi nimeletewa joto," anasema. "Sijaletewa mtu."

Ua wenyewe si mkubwa. Kuna kibanda cha mabati, meza ndefu iliyochomwachomwa na pasi ya kuunganishia nyaya, na rafu ya redio za magari zilizokufa ambazo bado zinatoa vipuri. Wiki nzuri huleta magari sita au saba. Wiki mbaya fundi hushinda akibadilisha fyuzi na kusikiliza umbea wa madereva. Kipato hicho kinawalisha yeye, binti yake na baba yake.

Baba huyo, anayejulikana kwa jina la Mzee Waya, ndiye aliyeanzisha kazi hapa. Mpaka leo anakaa mwisho wa meza, shati limefungwa vifungo vyote, akichambua nati na skrubu kwa vidole. Wateja wanaoingia humwamkia kwanza, naye huitikia kila shikamoo kwa sauti ya mwenye mji. Ni yeye aliyempa mjukuu wake jina la Besi, yaani mlio mzito wa spika. Mama Besi alipokuwa mjamzito na kuja kumletea baba yake chakula cha mchana, mtoto alikuwa akirusha mateke kila spika kubwa ilipojaribiwa. Mtoto mwenyewe sasa yuko sekondari na hapendi muziki hata kidogo.

Lakini lipo jambo linalomkosesha Mama Besi raha, naye halifichi. Ni macho ya baba yake. Kwa miaka miwili amekuwa akimsihi aende hospitali, na kwa miaka miwili amejibiwa kwamba taa za siku hizi hazina nguvu. Anachoogopa ni siku ambayo waya utafungwa vibaya na gari la mtu kushika moto. Anachoogopa zaidi ni kuwa yeye ndiye wa kumwambia baba aweke chini bisibisi.

"Baba yangu bila kazi utamkuta kitandani saa nane mchana," anasema. "Hiyo siiwezi kuitazama."

Anarudi kwenye gari. Anatoa kwanza kilicho juu ya amplifaya, na kinachotoka kinastahili kuhesabiwa kama mzigo: kipande cha kapeti, gunia, sweta la dereva na zulia la miguuni. Wenye magari huificha hivyo kwa hofu ya wezi. Mwizi haioni, ni kweli, lakini joto nalo linakosa pa kutokea, kwa sababu chombo hiki hupumua kwa mgongo wake wenye mapezi ya bati.

"Umemvika mtu koti mchana wa jua," anamwambia dereva. "Halafu unashangaa anazimia."

"Nimelikuta hivyo. Gari nimekabidhiwa mwezi uliopita tu."

Anapima nyaya za spika kwa mita na kuona ziko sawa, hakuna spika ya ziada wala waya uliogusana na mwenzake. Anakuta kitufe cha nguvu kimezungushwa mpaka mwisho, anakirudisha katikati. Kisha anamkabidhi dereva kipaza sauti na kumwambia aongee chochote. Dereva hana haja ya kubembelezwa. Anautangazia ua mzima kwamba hapa ndipo penye fundi mrembo kuliko redio zake, na Mzee Waya, mwisho wa meza, anakohoa kwa onyo.

Nusu saa inakwisha. Taa nyekundu inawaka, spika zinanyamaza. Mama Besi anaweka kiganja juu ya amplifaya na kukiondoa haraka.

"Basi si koti peke yake," anasema.

Anaiacha ipoe kidogo, anaiwasha tena na kurudi na mita. Ncha moja anaigusisha kwenye skrubu ya waya wa ardhi, ule wa kurudishia umeme, pale kwenye amplifaya, nyingine kwenye upande hasi wa betri, huku dereva akiendelea kupayuka. Hapo mita ilipaswa kukaa karibu na sifuri. Imepanda hadi volti moja na nusu. Umeme unaingia vizuri, anaeleza, lakini unarudi kwa taabu. Ni nyumba yenye mlango mpana wa kuingilia na kidirisha cha kutokea, na wageni wakizidi lazima ndani pachemke.

Anafuata waya kwa mkono, anainua kiti cha nyuma, anafunua kapeti.

Nyaya zilizo chini ya kapeti zimefungwa kwa vipande vyembamba vya mpira wa tyubu ya baiskeli, fundo mara mbili, ncha imekatwa mshazari. Mafundi wengine wote hutumia vifungio vya plastiki. Fundi mmoja tu anayemjua hukata tyubu hivyo, na amekaa hatua chache kutoka hapo akichambua skrubu. Gari hili lazima lilifungiwa amplifaya wiki ile Mama Besi alipokwenda kumuuguza dada yake aliyejifungua. Baba alimwambia kulikuwa na kazi moja ndogo, imekwisha, mteja ameridhika.

Anafungua bolti ya waya wa ardhi. Kando yake bati la gari linang'aa, limesuguliwa kwa msasa kwa uangalifu, ukubwa wa kidole gumba. Chini ya bolti yenyewe rangi ni nzima. Aliyefunga alijua kabisa kwamba rangi huzuia umeme na lazima iondolewe. Alisugua inavyotakiwa. Ila alisugua pembeni tu.

"Nilimwonea huruma," Mama Besi alisema baadaye. "Halafu nikaona aibu. Baba yangu si mtu wa kuonewa huruma."

Dereva anachungulia juu ya bega lake. "Umepata?"

"Nimepata. Bolti haikugusa bati sawasawa."

"Nani huyo alinifungia hivi?"

"Hulegea yenyewe," anajibu Mama Besi bila kumtazama. "Barabara zina mashimo."

"Bolti hailegei yenyewe." Ni Mzee Waya. Ameacha skrubu zake na kuinuka. "Ina washa, ile pete ya kubana, au haina?"

"Baba, kaa tu. Namalizia."

"Nimeuliza, ina washa?"

Anakuja akipitisha mkono kwenye ukingo wa meza, kisha ubavuni mwa gari. Anainama ndani kwa shida. Vidole vyake vinakutana kwanza na fundo la tyubu, navyo vinasimama. Vinashuka mpaka kwenye bati. Vinapita pale palipolainishwa, vinarudi kwenye tundu la bolti, vinasikia rangi, vinarudi tena pale palipolainishwa. Mwandishi wa makala haya alitamani kuwa mahali pengine.

"Hii ni kazi yangu," anasema Mzee Waya.

Anageuka upande ilikotoka sauti ya dereva. "Samahani, baba. Mwambie bosi wako Mzee Waya alifunga juu ya rangi. Usimwambie barabara."

Dereva anakuna kichwa. Angeweza kulalamika, maana ni yeye aliyeaibika mtaani. "Mzee, yameisha," anasema. "Mimi mwenyewe nilitangaza maji yasiyokatika."

Mzee anacheka kidogo kwa pua, na ua unapumua.

Mama Besi anachukua msasa. Anakaribia kuanza kusugua, kisha anaunyoosha kwa baba yake na kukiweka kidole cha shahada cha mzee pale hasa penye tundu. Mzee anasugua. Binti anashika kidole cha baba na kukisogeza kila kinapohama, na kazi ambayo ingemchukua dakika mbili inachukua kumi. Bati linang'aa pande zote. Bolti inarudi na washa yake, inakazwa kwa spana. Mita sasa inasoma karibu na sifuri.

Amplifaya inahamishwa kutoka chini ya kiti na kufungwa ubavuni, penye hewa, na dereva anaagizwa sweta lake alivae mwenyewe. Anatangaza tena, kwa nguvu, muda mrefu kuliko alioombwa. Mzee Waya anaweka kiganja chake juu ya mapezi na kukiacha hapo.

"Vuguvugu," anasema. "Inatosha."

Gari linapoondoka likipiga kelele zake, baba na binti wanakaa kunywa chai. Ni Mzee anayeanza, bila kuulizwa. Ukungu ulianza jicho la kushoto, kisha la kulia. Usiku taa za magari humtawanyikia machoni. Alijua siku nyingi.

"Niliogopa," anasema. "Nikisema sioni, mtanivua ufundi. Mtu akivuliwa ufundi anabaki na nini? Anabaki na shati."

"Nani angekuvua, baba?"

"Wewe. Na ungekuwa sahihi."

Mama Besi anamimina chai nyingine. Anasema Jumatatu wataamka mapema waende kliniki ya macho, na kibanda kitafungwa siku hiyo. Mzee hataji taa za siku hizi. Anauliza tu kama avae shati jeupe. Binti anaomba iwe mtoto wa jicho, kwa sababu amesikia hilo hutibika, ila anasema daktari ndiye atakayejua. Mpaka hapo wamekubaliana: baba hafungi gari lolote peke yake, na binti hafungi gari lolote bila kiganja cha baba kupita juu yake mwishoni.

Alipoulizwa anatarajia nini, Mama Besi hakutaja kibanda kikubwa wala vifaa vipya.

"Gari la kwanza nililofunga peke yangu mwanzo hadi mwisho, macho ya baba yalikuwa yameshaanza ukungu," anasema. "Yale yaliyofuata ndiyo kabisa. Huwa anapapasa na kuniambia, 'Vizuri, mama.' Hajawahi kuona hata moja. Nataka akipona nimwite, nifunue kapeti, atazame. Hata kama atakuta kosa."

"Nitalikuta," anasema Mzee Waya.