Uso wa Kipa

Juzi sokoni Kibirizi, nikisubiri kufungiwa dagaa, nilimsikia mwanafunzi wa uandishi wa habari akimsomea muuzaji, ambaye pia ni kipa wa timu ya wanawake ya Ujiji, habari aliyoandika juu yake, kutoka kwenye simu: "Kipa mrembo aliokoa penalti."

Muuzaji akashusha kopo la kupimia. "Mdogo wangu, urembo umeingiaje hapo? Kwani penalti niliizuia kwa uso?"

Beki wake, anayeuza kwenye meza ya pili, akadakia, "Kwa uso, dada. Ilikupiga puani."

Kipa akaipapasa pua iliyovimba, akacheka mpaka dagaa wangu wakamwagika. Mwanafunzi akafuta "mrembo", akaandika "kwa pua".

Nimesoma kurasa za michezo miaka mingi. Huo ndio uso wa kwanza wa mwanamke kutajwa kwa sababu ulizuia goli.