Pazia la Mabeki Wanne

Dada yangu ni dobi. Mikono yake imekunjamana kwa maji na sabuni, lakini sauti yake haijawahi kuchakaa, na Jumamosi alasiri uwanja mzima humsikia. Hufua mashuka ya nyumba za wageni, mapazia ya kumbi na jezi zote za timu yetu ya mtaa. Mwanawe wa pekee ndiye beki wa kati na nahodha wa timu hiyo. Mimi ni mjomba mtu, fundi viatu. Kibanda changu kimeegemea ukuta wa ua wake, kwa hiyo hakuna siri ya nyumba ile isiyonifikia.

Jumamosi ile tulifungwa nne bila. Nne! Na wageni wenyewe hawakuwa hodari hivyo, sisi ndio tuliowafungulia mlango tukawakaribisha ndani. Bao la kwanza, mabeki walitazamana. La pili, mpwa wangu alipanda mbele kumtega mshambuliaji aotee, wenzake watatu wakabaki nyuma kama watu wanaosubiri chai, mshambuliaji akabaki yeye na kipa. La tatu lilikuwa pacha wa la pili. La nne sitaki hata kulikumbuka. Kwa hasira nilichomoa kiatu kwenye mfuko wangu nikakirusha uwanjani. Kilipokuwa hewani ndipo nilipokumbuka kwamba kilikuwa cha mteja.

Mteja mwenyewe ni muuza nyama, kiongozi wa mashabiki. Jumapili asubuhi alikuja uani kwa dada akiwa amevaa ndala, nyuma yake mashabiki kama kumi, wote wamevimba.

"Mama Nahodha, tunakuheshimu," alianza, "lakini mwanao ni mlango usio na komeo. Tumemwambia kocha amtoe."

"Na kocha kasemaje?"

"Kampa mechi moja. Jumamosi tukifungwa hata bao moja, anavua kitambaa cha unahodha. Jezi yake utaifua, ataivaa mwingine."

Hapo niliona uso wa dada ukibadilika. Yeye mwenyewe jana yake alikuwa amempigia mwanawe kelele kuliko mashabiki wote, lakini kumsema mtoto wako ni kitu kimoja, kusemewa ni kingine.

"Mtoto akikunyea mkono huukati, unaunawa," alisema. "Na mimi kazi yangu ni kufua. Haya, kwaherini."

Mpwa wangu alikuwa ndani, amejifunika shuka gubigubi, hajala tangu jana. Dada alimfunua.

"Ulipopanda mbele, uliwaambia wenzako?"

"Mama, walitakiwa kuona."

"Waone nini? Si walikuwa wanatazama mpira?"

Kijana akalivuta shuka tena. Dada akatazama nje, kwenye beseni kubwa.

Kesho yake jioni aliwaita mabeki wote wanne. Nilidhani anataka kuwapa chakula wajipe moyo. Kumbe amewawekea pazia la ukumbi, urefu wake hatua kumi, limelowa chapachapa na zito kama mfuko wa saruji. Kulitoa kwenye beseni hadi kwenye kamba ya kuanikia si kazi ya mtu mmoja. Dada na wanawake watatu anaofua nao hulishika ukingo wa juu wakiwa wamesimama mstari mmoja, kisha mmoja husema "Twende!" na wote hupiga hatua pamoja. Anayeongoza akiondoka kimya, pazia hulegea, linaburuzika matopeni, na kazi inaanza upya.

Mpwa wangu aliondoka kimya. Pazia likaingia matopeni.

"Lifueni," alisema dada.

Walifua. Wakabeba tena, likaanguka tena. Mara ya tatu beki wa kulia alilalamika, "Shangazi, sisi ni wachezaji jamani!"

"Wachezaji! Yale manne yalipita wapi, chini ya kitanda?"

Mimi nilicheka hadi nikajigonga kidole kwa nyundo. Lakini mara ya nne mpwa wangu alinong'ona, "Twende."

"Sijasikia!"

"Twende!"

Miguu minane ikaondoka pamoja, na pazia likafika kwenye kamba bila hata tone la tope. Waliendelea kuja kila jioni. Sidhani kama mapazia ya ukumbi ule yamewahi kuwa safi kiasi kile.

Jumamosi ilifika. Muuza nyama alikaa nyuma yetu, viatu vyote viwili miguuni, maana kile kingine nilikuwa nimekisaka vichakani hadi nikakipata. Kipindi cha pili tulipata bao kwa kona. Nilimkumbatia mtu nisiyemjua! Kisha zikabaki dakika mbili, na wageni wakaja wote. Kiungo wao aliinua kichwa atoe pasi. Mshambuliaji wao alikuwa amesimama ubavuni mwa mpwa wangu, tayari kukimbia.

Nilimshika dada mkono. "Waite! Waite sasa!"

Dada alikuwa ameuma ncha ya mtandio wake.

"Twende!"

Sauti ilitoka uwanjani. Mabeki wanne wakapiga hatua mbele, hatua moja, pamoja, na pasi ilipopigwa mshambuliaji alikuwa nyuma yao peke yake. Alifunga, tena kwa madaha. Lakini kibendera kilikuwa juu: ameotea! Uwanja ukalipuka. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka, na kipenga cha mwisho sikukisikia kabisa.

Mpwa wangu alikuja moja kwa moja kwa mama yake, akavua jezi iliyojaa tope, akamkabidhi. Dada aliikunjua, kisha akageuka nyuma.

"Nikiifua," alimuuliza muuza nyama, "ataivaa nani?"

Muuza nyama alitazama viatu vyake.

"Mwenyewe," alisema.